Duka la Asiamah Halina Bandia

Jumamosi mchana Dufie alikuwa amekalia kinu cha kutwangia fufu kilichopinduliwa, uani kwake Kumasi, akifungua boliti za silinda hedi ya gari lake la kubebea ndizi. Oili aliyoimwaga kwenye karai ilikuwa imechanganyika na maji, ikawa nyeupe na nzito, uji wa mtoto mtupu. Gasketi iliyopaswa kuvitenganisha viwili hivyo, aliyouziwa kuwa mpya kabisa, ilimeguka mkononi. Chini ya rangi ya kijivu yalisomeka maandishi: maziwa ya kopo, hifadhi mahali pakavu. Lo! Watu wazima wamekaa chini, wakakata boksi la maziwa kwa mkasi, wakalipaka rangi, wakamuuzia mjane.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Fundi Boadu, aliyekufa kwa ajali barabara ya Accra kabla ya mvua. Boadu alikuwa na magari mawili ya aina moja, makusudi, ili moja likiugua liazime spea kwa mwenzake. Moja liliondoka naye. Lililobaki ndilo lililomlisha Dufie. Polisi walimwambia kuwa mumewe alikufa papo hapo, hata hakujua kilichompiga, na neno hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi.

Hajia Rakia, jirani yake muuza waakye, wali wa kunde, alichungulia juu ya ukuta. "Wewe Dufie, bado unanunua vipya? Mtu mzima hovyo! Nenda kwa Asiamah ukachukue mtumba."

Mjini humo kitu kipya hushukiwa kingali ndani ya boksi. Muuzaji anakuuliza bila haya kama unataka halisi, nakala ya kwanza, au ile ya kukufikisha nyumbani. Basi watu wameweka imani yao yote kwenye kilichokwisha kutumika Ulaya, wakisema kama kilimvumilia Mzungu kitatuvumilia na sisi. Imani imewakolea mpaka wananunua hata gasketi ya hedi ya mtumba, na hali kila fundi anajua kuwa gasketi ikishabanwa mara moja imemaliza kazi yake duniani. Dufie naye alijua. Akanawa mikono, akaenda.

Asiamah alikuwa mzee wa kanisa na mwenye duka kubwa kuliko yote mtaani pale. Alikuwa anakula supu ya konokono nyuma ya meza, anawafyonza kwa kelele, mafuta ya mawese yakimtiririka mpaka kwenye saa ya mkononi. Alipomwona Dufie alijipangusa kwenye suruali.

"Shemeji! Karibu, karibu. Tangu mazishi hatujaonana." Akaingiza vidole vile vile kwenye lundo, akatoa gasketi safi, haina hata mkwaruzo. "Hii imetoka Ujerumani. Mwenye gari alikuwa anaendea kanisani tu."

Dufie aliikunja kidogo karibu na sikio, akasikia ni chuma kweli. Akalipa.

Aliifunga siku hiyo hiyo, akikaza boliti za katikati kwanza na kwenda nje, kama alivyofundishwa. Akawasha injini. Sindano ya joto ilipofika katikati, Boadu alikuwa amekaa kiti cha abiria.

"Boliti ya nyuma kushoto umeikaza kupita kiasi," alisema.

"Nitailegeza ikipoa," alisema Dufie. Alimtazama. Alikuwa amevaa shati la kazi, la siku ile. "Tulikuzika na nguo ya kente ya kaka yako. Iko wapi?"

"Iko kule kule. Huku nimekuja na gasketi. Niliifunga mwenyewe wiki ile ile ya ajali, umesahau?"

"Asiamah kasema imetoka Ujerumani."

"Ujerumani ya wapi? Imetoka mtaroni, barabara ya Accra, mbele kidogo ya Konongo."

Dufie akakaa kwenye usukani, akafunga mlango, akamwambia aeleze. Boadu akaeleza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaelezea wateja ubovu wa magari yao. Hakufa papo hapo. Alibanwa mguu tu, damu ikawa inatoka, lakini alikuwa mzima na akili zake. Asiamah akapita na gari lake la kuvuta magari mabovu, na vijana wake. Boadu alifurahi, maana ni mtu anayemfahamu. Akamwomba maji. Asiamah akamwambia subiri kidogo, fundi. Akamuuliza spana ziko wapi. Boadu akamwonyesha, ziko chini ya kiti, akidhani ni za kumkomboa.

"Akaanza na betri," alisema Boadu. "Halafu rejeta. Hedi aliitoa taratibu, boliti moja moja, hakuikwaruza. Yule mtu anajua kazi, hilo siwezi kumnyima."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nasubiri. Walipomaliza kupakia ndipo akapiga simu polisi."

Dufie aliteremka, akanawa uso kwa maji ya galoni. Akarudi kitini. Ile 'papo hapo' yake ikawa imekwenda na maji. Na mtu yule yule, siku ya mazishi, alileta gari zima la maji ya pakiti. Jina lake likatangazwa kwenye spika mara mbili, watu wakampigia makofi, naye akainuka, akapunga leso. Uchafu gani huu, jamani? La kuvunda halina ubani.

"Unataka nini sasa?" alimuuliza mumewe.

"Nataka kushuka. Siwezi kushuka mpaka aliyeniacha humu aniombe radhi. Neno moja tu."

Hajia Rakia alipomletea Dufie waakye na kumkuta Boadu garini alimpa pole, kisha akamwita mwenzake pembeni. "Si uitoe tu hiyo gasketi?"

"Niitoe nimtupe wapi, Hajia? Kwenye chuma chakavu?"

Jumatatu Dufie akaendesha mpaka dukani, akaliacha gari linaunguruma mlangoni. Asiamah akatoka, akamwona Boadu dirishani, akamsalimu kwa jina.

"Mwombe radhi," alisema Dufie. "Dirisha liko wazi. Sema nisamehe, ashuke akapumzike."

"Kwani gasketi inavuja?"

"Haivuji."

"Basi shemeji, shida iko wapi?" Akacheka, akajikuna tumbo. "Mimi nilipita, nikaokoa kilichookoleka. Ningeviacha, wangeviiba wezi. Boadu bwana, spana zako ninazo mpaka leo. Spana nzuri kweli kweli."

"Zifute na mafuta," alisema Boadu, "zisishike kutu."

Dufie akapeleka shauri kwa wazee wa chama cha wauza spea, ambao hukaa Ijumaa kuamua ugomvi wa mtaani. Aliyeshindwa hutozwa kondoo na chupa ya pombe, na huomba radhi kwa aliyemkosea mbele ya watu. Kondoo Dufie hakumtaka. Alitaka ile radhi. Akaliegesha gari mbele ya kibanda chao, injini ikiwa moto, Boadu amekaa wima tayari kusema.

Mwenyekiti, Mzee Ofosuhene, aliziba pua. "Mama, zima hilo gari. Moshi huu utatuua."

"Nikizima atapoa, mzee. Msikilizeni kwanza."

"Tutamsikiliza zamu yake ikifika. Zima."

Akazima. Wazee wakafungua kwa sala. Wakazungumzia michango ya msiba wa mkwe wa katibu, kisha nani hajalipia taka, kisha Asiamah akaagizia kila mtu kinywaji baridi, wakanywa, wakashukuru. Walipomwita shahidi wa Dufie, sindano ilikuwa imelala na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema Mzee Ofosuhene.

"Niwashe tena, mzee. Dakika chache tu."

"Mama, chama hiki kinashughulikia mali. Mali aliyokuuzia ni mbovu?"

"Si mbovu."

"Ni bandia?"

"Si bandia. Ni ya mume wangu!"

"Basi ni halisi," alisema mzee, na wenzake wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. "Asiamah hajawahi kuuza bandia, hilo tunalijua sote. Maiti haulizwi sanda, mwanangu. Yaliyopita si ndwele."

Asiamah akamkumbatia Dufie hadharani kuonyesha kuwa hana kinyongo. Alinuka mawese na manukato. Dufie alisimama kama nguzo mpaka akaachiliwa. Mwezi uliofuata chama kilimchagua Asiamah kuwa mweka hazina, na mchungaji akamwombea madhabahuni.

Ndizi hazingojei mtu. Dufie akaendelea na safari zake, Boadu kando yake kila injini ikipata moto. Wateja walimzoea. Waliokuwa na magari mabovu walimngojea sokoni, wakamuuliza mambo ya klachi na breki kupitia dirishani, naye akawajibu bila ubahili. Mguu haukuacha kumuuma. Mara nyingine alishikilia goti safari nzima, na Dufie akapunguza mwendo kwenye mashimo.

Kisha gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ikaanza kuvuja, oili ikidondokea kwenye ekzosi na kujaza gari moshi. Dufie alinunua mpya duka la kwanza; ikayeyuka. Akanunua duka la pili. Ikakatika kabla haijafungwa.

"Nenda kwa Asiamah," alisema Boadu. "Ile ya gari langu hajaiuza. Imetundikwa mlangoni, mkono wa kulia. Niliiona tulipokwenda."

"Kwa yule? Bora nile mavi."

"Mavi hayazibi oili, Dufie. Sasa hivi utaunguza injini, utakula nini?"

Dufie alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimchukia kidogo. Kisha akaweka gia.

Asiamah aliishusha gasketi kwa upembo, akaipangusa kwa leso yake. Akaigeuza kwenye jua ili Dufie aone ilivyo nzima, na ili Boadu, aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, aone pia. Boadu akainama dirishani, akaikagua.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

"Mmesikia?" Asiamah aliwaambia wateja wengine waliokuwa wakisubiri. "Fundi mwenyewe kasema." Nao wakasogea karibu zaidi na meza, kila mmoja na spea yake ya kuulizia. Mmoja akauliza kama kuna rejeta ya gari lile lile.

Asiamah akamfungia Dufie gasketi kwenye gazeti, akampunguzia bei kwa sababu ni mjane, akalisema punguzo hilo kwa sauti wote walisikie. Dufie alisema asante. Neno lilimtoka lenyewe, akalisikia mdomoni kama nywele kwenye chakula.

Nyumbani aliifunga. Haikuvuja hata tone. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akanusa, akanawa tena. Klachi nayo ilikuwa imeanza kuteleza kwenye milima, na Boadu alishamwambia ile ya gari lake imewekwa rafu gani kwa Asiamah.