Pikapu Kwenye Jiwe la Njano

Ninyi vijana wa kisiwa chetu cha Bonaire mnaopiga mbizi, hebu someni haya, na wazazi wenu wasome pia. Kwetu kila mahali pazuri pa kuingilia baharini pana jiwe la rangi ya njano kando ya barabara, limeandikwa jina. Ukiona gari hapo, vioo vimeshushwa, unajua mwenyewe yuko chini na samaki. Ndivyo tulivyozoea, na mazoea hayo nusura yaniulie mtoto.

Asubuhi ile binti yangu Mirelva alipakia mitungi ya hewa pamoja na binamu yake Ruthmila.

"Mama, kuna farasi wa baharini ameonekana, mdogo kama kidole! Nataka nione anakula nini."

"Wewe utakula nini? Mchana uwe hapa, napika mbuzi."

Mchana ukapita, mchuzi ukapoa. Ndipo jirani yetu Ubaldo, mvuvi na mfuga mbuzi, akaja uani.

"Elvia, pikapu ya bintiyo iko Jiwe la Mwari tangu asubuhi. Mbuzi wangu kaingiza kichwa dirishani, kamaliza mkate wao."

Hewa ya mtungi mmoja haiwezi kutosha muda wote ule.

Tulifika kwa mashua yake ya uvuvi. Nilivaa miwani ya maji nikaelea, uso chini, nikitafuta mapovu, maana mpiga mbizi akiwa hai mapovu yake hupanda. Chini kulikuwa kweupe, naona mpaka samaki wakitafuna matumbawe, krr, krr. Hakuna povu hata moja.

Ubaldo alikuwa ameshawasha injini ya mashua yake. "Panda! Mkondo leo unakwenda kaskazini. Walioingia hapa wamesukumwa huko."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mashua nilipotazama ufukoni, nikaona kitu hakipo. Ufuko wetu wote ni vipande vya matumbawe vinavyokata kama wembe. Hakuna anayeshuka bila ndala, na ndala huachwa pale maji yanapoanzia. Hapa hapakuwa na ndala.

"Ubaldo, hawakuingia hapa."

"Gari si hili?"

"Gari ni la kutokea! Wameliacha hapa, wakaomba lifti mpaka jiwe la kusini, ili mkondo uwalete. Twende kusini."

"Mama wee, tukikosea jua litazama."

"Ndala zao ziko wapi? Haya, nionyeshe!"

Alikuna kichwa, akageuza mashua.

Kati ya hapo na jiwe la kusini ni majabali matupu, hakuna pa kupandia. Nilikuwa naita mpaka sauti ikakauka. Tulipozunguka pembe ya jabali nikasikia, "Shangazi! Shangazi, huku!" Walikuwa wamekaa kwenye kijukwaa cha mwamba, mawimbi yanawalamba miguu. Msuli wa paja la Ruthmila ulikaza, akashindwa kuogelea, na Mirelva akakataa kumwacha.

"Karibuni chomboni, malkia," Ubaldo akasema. "Mbuzi wangu anawashukuru kwa mkate."

Kwa hiyo nasema, gari halisemi mlipoingilia. Kabla ya kutoka nyumbani, taja jiwe la kuingilia na jiwe la kutokea, uyataje kwa mtu atakayekuwepo kukutafuta. Siku ile mashua ingekwenda kaskazini, leo ningekuwa naandika mengine.

Ruthmila alilala kwenye nyavu, mimi nikimkanda paja, mkono mwingine unaniwasha kwa hamu ya kumzaba Mirelva kofi. Yeye, midomo ya bluu kwa baridi, hakuonekana kujua.

"Mama, chini ya mwamba tuliokalia kuna pweza. Kila Ruthmila alipolia, pweza alikuwa anabadilika rangi."

Nilimfunika kwa khanga yangu, nikarudi kwenye paja la Ruthmila. Halafu nikashindwa kujizuia.

"Rangi gani?"