Feisal Alipolishusha Gari

Feisal aliponunua gari lake, Fielder ya kijivu, mtu wa kwanza kulipanda alikuwa mama yake, Bi Chiku. Alifunguliwa mlango wa mbele akakataa. Alisema ukikaa mbele, malori yanayokuja yanakujia usoni. Akaingia nyuma, akavua viatu, akakunja miguu juu ya kiti kama aliye barazani kwake. Tangu hapo nyuma pakawa pake.

Walikuwa wakiishi wawili tu nyumba moja pale Waa. Feisal alikuwa fundi wa viyoyozi katika hoteli mojawapo ya Diani, na gari hilo ndilo lililompeleka kazini na kumrudisha. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akishaswali, humchukua mama yake wakashika njia ya Msambweni, wakaiacha lami na kuingia barabara ya vumbi mpaka Kikoneni, kwa mama mdogo Ummi. Ummi alikuwa mdogo wake Bi Chiku, na wao wawili ndio waliobaki katika tumbo lao. Miguu ilikuwa imemshinda Ummi, hasafiri tena. Basi mkubwa ndiye aliyemwendea mdogo.

Feisal hakuwahi kuelewa walichokuwa wakizungumza saa zote zile. Alikuwa akijilaza kwenye jamvi ukumbini, akiwasikia wakibishana uani juu ya mambo ya utotoni: nani aliyeuvunja mtungi wa nyanya yao, mbuzi yule alikuwa mweusi au wa madoadoa. Walibishana kwa ukali, kisha wakacheka mpaka wakakohoa. Kadzo, binti wa Ummi, alizoea kuwaletea muhogo wa nazi na kuwaacha.

Hamu ya kulishusha gari ilimwingia Feisal kidogo kidogo. Kulikuwa na vijana waliokuwa wakikutana Ijumaa jioni kwenye uwanja mmoja pale Ukunda, wenye magari ya kawaida kama lake, ila yao yalikuwa yamelala chini, matairi yameingia ndani ya madigadi, yanapendeza kuyatazama. Lake, likisimama kando ya yale, lilionekana kama mtu aliyevaa suruali fupi. Akaanza kupitisha jioni zake akitazama picha kwenye simu, akisoma nini kinafaa kwa anayeanza.

Alikwenda kwa Hesbon, fundi wa Ukunda ambaye vijana wale walimwamini. Hesbon alimtandikia kwenye gunia shoki za aina ile wanayoiita koilova: springi imevalishwa juu ya shoki yenyewe, na chini yake kuna ringi ya chuma yenye hesi kama ya skrubu. Ukiizungusha ringi upande huu gari linashuka, upande ule linapanda.

"Hizi ni za kuanzia," Hesbon alisema. "Zinashusha poa, sikudanganyi. Lakini unachorekebisha ni urefu pekee. Ugumu ni ule ule zimetoka nao kiwandani, na ni ngumu. Hizi zingine ziko na kitufe hapa juu, unalainisha ukitaka. Hizo bei yake iko juu kidogo. Ama tuache hayo yote, nikuwekee springi fupi tu. Gari inashuka vidole viwili na hutasikia tofauti."

"Vidole viwili nani ataviona?" Feisal aliuliza.

Hesbon akacheka. "Njia zako ni gani?"

"Waa na Diani. Lami tupu."

"Na nyuma hubeba nani?"

"Nyuma hakuna mtu."

Alilijibu swali lile kwa wepesi, na wakati ule hakuona kwamba amesema uongo. Alikuwa akiliona gari kama litakavyokuwa uwanjani, limesimama, halina mtu ndani. Hesbon hakuuliza zaidi. Naye alikuwa na hamu ya kuzifunga. Akazifunga, na shoki za zamani Feisal akamwachia azifanyie apendavyo.

Gari lilipendeza, hilo haliwezi kukanushwa. Asubuhi yake Feisal alitoka nje na chai mkononi akalizunguka mara mbili. Barabarani lilikata kona kama limefungwa kwenye reli. Matuta ya Tiwi alijifunza kuyapanda upande upande, taratibu, na mgongo wake wa ujana haukumwambia kitu.

Ijumaa ilipofika, Bi Chiku aliinama zaidi ya kawaida ili aingie.

"Limekuwa zuri, mwanangu," alisema. "Limekuwa kama la harusi."

Kwenye lami alisimulia habari za jirani. Walipoingia vumbini akanyamaza. Mawe yaligonga chini, na kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Kwenye kioo Feisal alimwona ameteremsha miguu sakafuni, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango, mwingine umekaza kiunoni. Alimuuliza kama yuko sawa. Akajibu yuko sawa, alhamdulillahi, aangalie njia. Walipofika alikaa kidogo kabla ya kushuka. Ummi aliyekuwa mlangoni akasema, kwa mzaha, kwamba dada yake leo ametembea kama bibi harusi.

Wiki iliyofuata Bi Chiku alisema ana wageni wa chama. Iliyofuata alisema jua kali. Kisha kulikuwa na hitima kwa jirani, kisha nguo za kufua. Feisal alimuuliza, "Huendi kwa mama mdogo, mama?" naye akajibu, "Nitamwendea, inshallah. Nimezungumza naye kwa simu." Feisal hakuuliza mara ya pili. Ukweli ni kwamba moyo wake ulikuwa unashukuru. Jioni ya Ijumaa ilikuwa imekuwa yake, na kule Ukunda watu walikuwa wameanza kumwita kwa jina la gari lake.

Hivyo ndivyo msimu wote wa kusi ulivyopita, miezi kadhaa.

Simu ya Kadzo ilikuja alfajiri moja. Ummi alikuwa ameamka, ameomba maji ya kutawadha, na Kadzo aliporudi nayo akamkuta ameinamia upande. Hakuwa ameugua. Bi Chiku aliipokea habari akiwa amesimama jikoni, akasema inna lillahi wa inna ilaihi raajiun, akaenda kuchukua buibui lake na mto wa kitandani. Feisal alidhani mto ule ni wa kulalia matangani. Mama yake aliuweka kwenye kiti cha gari akaukalia.

Walikwenda polepole, na bado chini palikwaruza mahali pawili patatu. Bi Chiku hakulia, ila alikuwa akivuta pumzi kila wanapofika kwenye shimo, hata kabla gari halijaingia. Feisal alizisikia pumzi zile zote.

Baada ya maziko, wanaume walipokuwa wakitawanyika, Kadzo alimletea Feisal maji ya kunywa nyuma ya nyumba.

"Mama alikuwa akimtaja sana mama mkubwa," Kadzo alisema. "Kila Ijumaa anauliza, leo atakuja?"

"Alikuwa na shughuli nyingi," Feisal alijibu.

Kadzo alimtazama. "Feisal, hukuambiwa? Ni mgongo. Alimwambia mama kwenye simu kwamba baada ya siku ile mlipokuja, alilala chali siku mbili asiweze kuinuka. Akasema gari limekuwa gumu, na pikipiki ndiyo haiwezi kabisa. Mama akamwambia, mwambie mtoto. Yeye akasema, asiambiwe, analipenda gari lake."

Feisal alikunywa maji yale mpaka yakaisha, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alitaka kusema hakujua. Lakini alimkumbuka mama yake kwenye kioo, mkono umekaza kiunoni, akaona kwamba alijua kiasi cha kutosha kuuliza, na hakuuliza.

Matanga yalipokwisha alikwenda kwa Hesbon akamwambia alipandishe gari. Hesbon akaingia chini na spana, akazimwagia ringi mafuta ya taa, akagonga. Chumvi ya pwani ilikuwa imezila hesi. Ringi tatu zilikubali baada ya taabu. Ya nne haikusogea hata kidogo.

"Hii ndiyo shida ya hizi," Hesbon alisema akijifuta mikono. "Zinarekebishika zikiwa mpya."

"Zitoe zote," Feisal alisema. "Nitafutie za kawaida."

Za kawaida zilipatikana, za mkono wa pili, na gari likarudi juu kama lilivyokuwa. Vijana wa uwanjani walimuuliza kulikoni, akawaambia barabara mbaya.

Siku ya arobaini walikwenda tena Kikoneni. Bi Chiku aliingia bila kuinama sana, akatulia, na walipoiacha lami hakushika mlango.

"Umelibadilisha," alisema.

"Naam, mama." Akalikwepa shimo. "Kwa nini hukuniambia?"

Mama yake alitazama nje, kwenye mashamba ya mihogo. "Ningekuambia nini? Ulikuwa umefurahi. Tangu babako afariki sikuwa nimekuona unafurahia kitu namna ile. Nikasema, ngoja mgongo upoe, nitakwenda. Mimi na Ummi tulikuwa tukiambiana hivyo kila siku. Ngoja upoe."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Mimi ndiye sijajisamehe, kwa kuwa hata kwa punda ningekwenda."

Feisal alikuwa amejitayarisha kulaumiwa, na kulaumiwa kungekuwa kwepesi kuliko kumsikia mama yake akijilaumu kwa kosa ambalo si lake.

Dua ilisomwa, wali ukaliwa. Bi Chiku alikaa uani na Kadzo, na Feisal akajilaza ukumbini kwenye jamvi kama zamani. Sauti ziliinuka na kushuka. Alisikia mama yake akianza kisa cha mtungi wa nyanya yao, Kadzo akiitikia, eeh, eeh, kwa adabu, akikubali kila neno. Hapakuwa na wa kumbishia. Kisa kikaisha mapema.

Wakati wa kurudi Feisal alimwambia mama yake kwamba Ijumaa zote yuko huru, atampeleka popote atakapo. Alimsubiri ajibu. Alipotazama kioo, mama yake alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, miguu ameikunja juu ya kiti. Alilala mpaka Waa.