Maporomoko Uani kwa Fridolin

Fridolin alipotaka kuchimba bwawa la kuogelea uani kwake Kibaoni, mjini Ifakara, kitu kimoja tu kilimzuia, nacho ni kaburi la mtoto. Alikuwa amelala pale Stumai, binti wa marehemu kaka yake, pembeni kabisa mwa kiwanja, mahali palipoinuka.

Mama yake Stumai, Balbina, hakumzika pale kwa bahati. Mtoto alichukuliwa na maji kule shambani Michenga, masika ambayo mto ulifurika ukaingia mashambani, na walipomwopoa hapakuwa na kipande cha ardhi kavu cha kumlaza. Balbina aligaragara kwenye tope akisema mwanawe hatazikwa ndani ya maji yaliyomuua. Baba mkwe wake, aliyekuwa hai wakati ule, ndiye aliyeamua mtoto aletwe mjini. Alichagua mwenyewe ile sehemu iliyoinuka, akamwambia, "Hapa, mwanangu, maji hayatamfikia tena." Kwa neno hilo Balbina alianza tena kula, na masika yote yaliyofuata, mvua ikinyesha usiku kucha huko shamba, alijigeuza upande wa pili akalala kwa sababu alijua mwanawe yuko pakavu.

Mzee naye akafa, kiwanja kikawa cha Fridolin. Huyu Fridolin ana mashine za kukoboa mpunga na nyumba ya wageni, na tangu aende harusi moja Dar es Salaam akaona watu wanakula pilau kando ya maji ya bluu, hakutulia. Aliita kikao cha ukoo. Akasema kwa upole sana kwamba ingefaa mtoto ahamishiwe makaburi ya kanisani, apate wenzake.

Sasa, kwa watu wale kaburi la mtoto halihamishwi ikiwa mama yake yu hai na hajatoa neno. Wote wakamgeukia Balbina. Mwanamke ambaye siku zote huongea na shemeji yake macho yakiwa chini, siku hiyo alisimama.

"Hatolewi," alisema. "Wala kaburi lisibomolewe, wala msiliache likawa kama jalala."

"Mama amesema," akadakia shangazi Aurelia, mkubwa wa ukoo, na kikao kikaisha hapo.

Wapo watu wakishindwa hufoka, wakatukana, yakaisha. Fridolin hakufoka. Alimshika Balbina mkono, akasema, "Nimekusikia, shemeji. Litakaa palepale, na litapendeza kuliko yote hapa uani." Laiti angemtukana.

Wiki hiyohiyo akamleta Salha, binti wa Yunusi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyerudi Ifakara na shahada yake ya usanifu. Salha alikuwa na adabu. Alimwamkia Balbina shikamoo kabla hata ya kuvua viatu, akafungua kompyuta yake juu ya meza, akapanga pembeni vipande vya mawe na vigae.

"Siku hizi, mama, bwawa halichimbwi tu likaachwa hivyo," alieleza. "Linaanza na vifaa. Sakafu ya bwawa itakuwa vigae vidogo vya kijani kinachoelekea bluu. Kingo zote ni jiwe hili la kijivu la kutoka Kisawasawa, halitelezi. Sehemu ya kukalia ni mbao za mninga. Jiwe la kingo ndilo hilohilo tunalirudia kwenye ngazi, kwenye ukuta, kwenye viti, ili vyote vishikane na jicho lisikwazike mahali."

"Na la mwanangu?"

"Nalo tunalivika jiwe hilohilo."

Balbina alichukua kile kipande cha jiwe akakipapasa. Kaburi lilikuwa la saruji tupu, limepasuka upande wa kichwani, na kila mwaka alisema atalijengea na kila mwaka mpunga ulimwangusha. Akauliza kama anaweza kuchagua lile lenye weusi kidogo. Salha akasema anaweza. Mama wa watu alifurahi hata akacheka, na mimi nikikumbuka kicheko hicho namchukia Fridolin upya.

Maana mchoro ulikuwa wazi mbele yake. Kaburi lilionekana, na nyuma yake ukuta, na kutoka kwenye ukuta michirizi ya bluu iliyoshuka mpaka bwawani. Balbina aliitazama akadhani ni mapambo ya kompyuta.

"Na hapa juu, mama," Salha akaanza, akigusa ile michirizi, "maji yatakuwa yana..."

"Hayo ya mabomba tuachie sisi," Fridolin akamkata. "Usimchoshe shemeji. Yeye tunataka ridhaa yake kuhusu jiwe."

Salha alimtazama Fridolin, akamtazama Balbina, kisha akafunga kompyuta. Ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, na mdomo wake ukabaki umefungwa pamoja na kompyuta.

Mvua zilipoanza, Balbina alihamia shamba Michenga kama wanavyohama wakulima wote wa bondeni. Huko unalima, unapalilia, unafukuza ndege, na mjini harudi mtu mpaka mpunga uwe umeingia kwenye magunia. Kila Fridolin alipompigia simu alimwambia jiwe limeshafika, jiwe linakatwa, jiwe limekaa vizuri ajabu. Balbina aliwasimulia majirani wa shamba jinsi shemeji yake anavyomheshimu. Kumbe alikuwa akivishwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa shukrani.

Baada ya mavuno alipanda bodaboda na mchele mpya wa kumzawadia shemeji, akaenda kwenye sherehe ya uzinduzi. Ua ulikuwa umejaa wageni, na watoto wamevaa nguo za kuogelea, wamezuiwa wasiingie kwanza. Balbina alipita katikati yao moja kwa moja hadi pale palipoinuka. Jiwe alilolichagua lilikuwa limefunika kaburi lote, limenyooka, linang'aa, na ukuta wa mawe umesimama kichwani kama wa kulikinga. Alipiga magoti akalia machozi ya furaha.

"Umemtendea vyema, shemeji," alisema. "Mungu akulipe."

"Bado," Fridolin alijibu. Akamwinua, akamwongoza mpaka kwenye swichi ukutani, akawatangazia wageni kwamba mwenye heshima ya kuwasha ni mama yake Stumai. Salha alikuwa amesimama nyuma ya viti, akiangalia chini.

Balbina akabonyeza.

Maji yakaruka kutoka juu ya ukuta, yakaanguka juu ya kaburi, yakatapakaa kichwani hadi miguuni, kisha yakateremka kwa kishindo bwawani. Wageni wakapiga makofi.

Balbina aliurudisha mkono kwenye swichi. Kisha akabonyeza tena, maji yakakatika, watoto wakaguna. Fridolin akauondoa mkono wa shemeji yake kwenye swichi kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akawasha.

"Zima, Fridolin." Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Hayaingii ndani, shemeji. Nimeweka saruji ya kuzuia maji."

"Yako juu ya mwanangu! Mhamisheni basi. Mpelekeni kanisani. Natoa neno langu mbele ya hawa wote, nakubali, mtoeni hata leo."

Fridolin alikuwa ameingoja saa hiyo tangu kikaoni. Aliisubiri kwa uvumilivu, akainunulia mawe. Hakupandisha hata sauti.

"Ulisema hatolewi. Ulisema lisibomolewe. Ukoo mzima ulisikia, na mimi ni nani nivunje neno la mama?" Kisha akainama sikioni kwake. "Halafu mawe yameshikana, shemeji. Ukiondoa hilo, ukuta wote unakuja chini."

Balbina akamgeukia shangazi Aurelia, yule yule aliyemtetea. Shangazi alikuwa na soda mkononi na sahani ya nyama mapajani.

"Umeheshimiwa, mwanangu," alisema shangazi. "Ni kaburi gani Ifakara nzima limepambwa hivi? Usitutie aibu mbele za watu."

Watoto wakaruhusiwa. Walikimbilia kule kwenye maporomoko kwanza, wakapanda juu ya jiwe, wakasimama chini ya maji wakipiga kelele, mmoja mmoja wakaruka kutoka pale hadi bwawani, wakazunguka, wakapanda tena. Balbina alisimama kando, maji yakimrukia gaunini, akitaka kuwaambia washuke.

Mpiga picha akaja na kamera yake.

"Samahani, mama," alisema, "sogea kidogo, unaziba maji."

Balbina akasogea.