Mgomo Uliofichwa na Adabu

Ninyi wenye watoto vyuo vikuu, wakija nyumbani kuwauliza wazee mambo ya zamani, waambieni wasiridhike na jibu la kwanza. Binti yangu Domina nusura arudi Dar es Salaam mikono mitupu.

Alikuwa anaandika tasnifu juu ya mashamba ya mkonge ya hapa Kilosa, wakati wa Mwingereza. Maktaba alikuwa kama amehamia. Akapekua nyaraka za serikali mpaka akapata taarifa ya bwana shauri mmoja, mkubwa wa wilaya: manamba, wale vibarua wa mkataba, waligoma kukata mkonge kwa ulevi na uvivu, kisha wakarudi kazini. Basi. Mwalimu wake akamwambia, "Huo ni mdomo wa mkubwa peke yake. Lete na wa mfanyakazi, la sivyo sura hiyo ya mgomo itoke."

Aliyebaki kwenye kambi yetu ya manamba wa zamani ni Mzee Simoni, Mngoni aliyeletwa kutoka Songea akiwa kijana. Domina akapiga magoti, shikamoo, marahaba, akawasha kinasa sauti.

"Kazi ilikuwa nzuri, mjukuu wangu. Mzungu alikuwa mkali kidogo tu."

Kila akienda, nzuri, nzuri. Nikamwambia aache. Mzee gani atamsimulia mjukuu jinsi alivyodhalilishwa? Nami niliogopa mtaa utatusema.

Mtoto hakuacha. Akaenda Mikumi kumchukua Bibi Anastazia, Mhehe, mtani wa Mzee. Nikashika kichwa. Mtani hana mpaka!

Bibi hata hakukaa. "Simoni! Ninyi Wangoni mnajisifu vita, kumbe mlilewa pombe, Mzungu akapuliza filimbi mkarudi kama mbuzi!"

"Nani mbuzi? Funga domo, Mhehe!" Mzee akasimama, fimbo juu. "Hakuna aliyelewa! Mzigo mmoja ukipungua, nyapara anakunyima alama ya siku nzima kwenye kipande, ile kadi ya kazi, na mshahara wa siku umekwenda. Tukaweka panga chini. Wanawake waliokuwa wakianika katani nao wakakaa. Mashine ikanyamaza! Tulirudi nyapara alipoondolewa."

"Mwongo! Shahidi wako nani?"

"Lupakisyo, yule wa Zombo! Alikuwa mpishi wa meneja, aliyasikia mezani!"

Bibi akacheka, akaomba maji. Domina anaandika. Kesho yake akapanda baiskeli mpaka Zombo. Lupakisyo akasema vilevile, na jina la nyapara akaongeza.

Siku ya kuaga nikamsihi aandike "mzee mmoja" tu, mtu wa watu asije akaitwa mahali kuhojiwa. Mzee akanigeukia.

"Mama Domina, mzee mmoja ndiye nani? Andika Simoni Ngonyani, mkata mkonge."

Sura haikutoka. Jina lake nimelisoma mwenyewe, kwa kidole, kwenye kitabu cha mwanangu. Chini yake liko la Bibi Anastazia, ambaye mpaka leo analalamika kwa nini Mngoni ametangulizwa.