Gauni Lililopwaya

Bibi fundi alijigamba kwamba jicho lake hupima kiuno cha mtu angali mlangoni, halihitaji futi. "Ukitoa ile suruali ya shemeji," aliongeza mwenyewe kabla hajakumbushwa. "Ilimkaba mpaka akawa anaongea kama kifaranga."

Kiuno cha mjukuu wake, hata hivyo, alikiona sawasawa, na kilimtia hofu. Binti huyo aliuza nguo kwa simu: anavaa, anajipiga picha, wateja wanaandika. Mmoja aliandika, "Gauni zuri, ila tumbo limetangulia." Wengine wakachangia vicheko. Tangu hapo binti alishinda akitazama wasichana wenye viuno vya nyigu, na sahani akiikwepa kama iliyotemewa mate.

"Gauni lenyewe linakubana, mke mwenzangu. Nikuachie mshono kidogo?"

"Usiliguse, Bibi! Siku litakaponipwaya lenyewe, nitakula kama watu. Naapa."

Kiapo hicho bibi alikishika kwa mikono miwili. Binti alipokwenda kuoga, akalichukua gauni kama anayekwenda kulipiga pasi, akafumua mishono ya mbavu zote mbili na kushona upya, pembeni kabisa mwa kitambaa.

Binti akalivaa. Likapwaya. Alicheka, cheko ambalo nyumba ilikuwa imelisahau, akala vijiko viwili vya wali. Kisha akaweka kijiko.

"Kumbe inawezekana! Bado kidogo tu, Bibi."

Akaacha hata uji. Nywele zikawa zinabaki kwenye mto. Siku moja akaanguka akijipiga picha, na alipozinduka aliulizia simu kabla ya maji. Bibi aliyekuwa na utani hata msibani sasa alikanyaga cherehani kimya, akiogopa kusema, akiogopa kunyamaza.

Mwishowe binti aliligeuza gauni ndani nje, abane pini mahali pa kupunguza.

"Bibi, ulifumua hapa?"

"Nani, mimi? Huo uzi ni wa kiwandani."

Binti akapitisha kidole kwenye vitundu vya mshono wa zamani, na kando yake kitambaa ambacho hakijapauka.

"Kwa hiyo sikupungua. Niliongezewa gauni."

"Umepungua, mwanangu! Umekwisha! Jiangalie mikono hiyo, haki ya Mungu umekwisha!"

"Hata huo uzi umeniambia ni wa kiwandani, Bibi."