Bawbee Mlangoni mwa Kanisa

Katika miaka sitini na miwili ya Grizel Auchterlonie, thelathini ilikuwa ya kazi kwenye kamusi ya Kiskoti. Asubuhi ya harusi yake, hoja ilikuwa moja tu: hotuba ya bwana harusi.

Tam Dalgleish, mwokaji mikate wa mji wa Burntisland, alikuwa ameandika humo kwamba sarafu ya kale, bawbee, ilipewa jina kwa sababu ya sura ya Malkia Mary akiwa mtoto mchanga, yaani "baby" kwa Kiingereza. Grizel akamweleza: bawbee ilitoka mwaka 1538, enzi za Mfalme James, baba yake Mary; Mary akazaliwa 1542. Jina lilitokana na Sillebawby, shamba la msimamizi wa kiwanda cha sarafu.

"Nioneshe," Tam alisema.

Ndipo Grizel akanunua bawbee moja ya toleo hilo la kwanza, akaifunga kwenye leso bila kuitazama. Wangeitazama mlangoni mwa kanisa. Ikiwa na mtoto, hotuba ingesomwa mbele ya wageni mia, naye Grizel angetabasamu. Kama mtoto hayumo, ingechanwa.

Gari la bibi harusi lilipoondoka nyumbani, watoto walilizunguka. "Mwaga! Mwaga!"

Kaka yake Grizel, Wattie, akateremsha kioo na kuwamwagia sarafu barabarani, kama ilivyo desturi ya harusi huko. Mfuko ukaisha, kelele zikazidi, akazoa kila kilichokuwa kwenye kiti, akakimwaga pia.

"Wattie! Leso yangu!"

"Leso ninayo, dada."

"Na kilichokuwemo?"

Wattie akatazama barabarani.

Grizel alishuka kabla gari halijasimama. Akapiga magoti na gauni lake la hariri, akipapasa kati ya viatu vya watoto, akicheka hadi shela ikamfunika macho. Alipoiondoa, jirani yake Bi Pittendreigh, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa ameinua ngumi juu.

"Nimeokota, ni yangu! Desturi ni desturi, bibi harusi!"

"Ni yako, mama. Ila twende nayo kanisani!"

Wakamsukumiza garini. Mlangoni, Tam alimwona mchumba wake ana vumbi hadi kiunoni, na ajuza akihema kando yake.

"Soma, mama," Grizel akasema.

Bi Pittendreigh akavaa miwani. "Ua la miiba lenye taji. Upande wa pili, msalaba. Jina la Mfalme James."

"Na mtoto?" Tam akauliza.

"Mtoto gani? Hata pua yake haimo!"

Tam akaichana hotuba mara nne. "Sasa zimebaki salamu tu."

"Zinatosha," alisema Grizel, akamshika mkono, wakaingia.