Dawa ya Kuku

…na meno tena, si aliambiwa hii haifunguliwi kwa meno, Mama Edina, hiyo si chumvi, na hapa keshaipeleka mdomoni kwa mazoea tu, mdomo uliofungua pakiti zote za nyumba hii, hamira, majani ya chai, mbegu za mchicha, akaishusha haraka, ptuu, akatema mate ingawa hakuna kilichogusa ulimi, Asnath wee, utakufa kifo cha kuwachekesha watu msibani… amekaa kigodani nyuma ya jiko, bakuli la utumbo wa samaki liko miguuni, nzi wameshapata habari, jua la Ihumwa bado halijaanza ukorofi wake, ardhi inanukia mvua ya jana, na ukweli lazima usemwe, kama si nguchiro asubuhi hii isingekuwa na kasoro hata moja, magoti hayaumi, chai imenyweka, mumewe yuko bafuni nyuma ya mabati anaimba besi ya kwaya peke yake, anajimwagia maji, anaimba, anajimwagia, tangu astaafu anaoga kama mtu anayewahi ofisini, raha iliyoje… lakini nguchiro yupo, mwana hizaya yule, na vifaranga wamebaki watatu, juzi tu walikuwa wametapakaa uani kama mtama uliomwagika, sasa mama yao hata kivuli cha wingu kikipita anawakusanya, watatu, na Asnath alilia kwa ajili ya vifaranga, ndiyo, alilia, asiyependa anune, mtu mzima mwenye wajukuu kuinamia manyoya na kulia, wakiliwa na hawa watatu atafuga nini, atafuga hasira… “Mama Edina! Umeshaweka dawa?” … “Naweka!” … eti dawa, neno hili nalo, si ndilo lililowaponza, alimtuma mumewe sokoni Majengo akamwambia niletee dawa ya kuku, akimaanisha yale matone ya chanjo ya kideri, ya machoni, kila mfugaji anayajua, naye akafika dukani akasema nipe dawa ya kuku, muuzaji akauliza kuku wanaumwa, akajibu hawaumwi, wanaliwa, basi akapewa hii, akarudi nayo kifua mbele, na Asnath keshafunua chungu cha maji ya kuku, keshashika pakiti hivi hivi, ndipo Noeli, Baba Edina mwenyewe, akasema huku anavua viatu, yule nguchiro akiilamba tu hafiki hata kwenye uzio… Mungu wangu, nusura awanyweshe kuku wake kwa mkono wake mwenyewe, walicheka mpaka wakashikana mabega, na kicheko kilipoisha Baba Edina akasema basi, kosa limekuwa heri, tumwekee nguchiro kwenye utumbo wa samaki, naye akaitikia, kwa nini asiitikie, kwani mtego umewafaa nini, lile sanduku la mbao na waya alilowagongea fundi Yotham, kwanza likamnasa jogoo wa jirani, wakaombana radhi nusu siku, kisha paka, kisha vidole vya Baba Edina, ndipo akalisusa, akalitupa huko kwenye kuni, “mtego ni wa watu wenye subira, mimi ni mstaafu, sina muda,” we umeona wapi mstaafu asiye na muda…

…haya, mkasi uko wapi, si alikuja nao… “Ishii! Toka!” … hondohondo dume, ndege huyo, na mdomo wake mwekundu mrefu, katua karibu na bakuli, kageuza kichwa upande anautazama utumbo kwa jicho moja, kama mteja anayejua bei atakayoitoa, kila asubuhi anapita hapa kuokota panzi na kumbikumbi, amemzoea Asnath hata hamwogopi, ishii nimesema, akaruka shingo upande mpaka kwenye mkwaju ule wa uzioni, kwenye tundu lao… tundu lenyewe wamelizibaje vile, mvua zilipoanza aliwaona, jike kaingia ndani, wakalipaka udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba, kajifungia humo na mayai yake, na dume tangu siku hiyo hana kazi nyingine, anakwenda, anarudi, anapitisha panzi ufani, na ncha ya mdomo mwingine inatokeza kupokea, ile, ile pale, kapokea… arobaini, Asnath, arobaini ya uzazi wa Edina, chumba cha kupanga kule Area D, mama mkwe kaweka mkeka mlangoni, mwanamume haingii kwa mzazi mpaka siku zitimie, shikamoo mama, marahaba, pita huko, na Noeli kijana wa watu akitoka kazini anazunguka nyuma ya nyumba, anaingiza vidole kwenye nondo za dirisha, zabibu, moja moja, “fungua mdomo,” ananong’ona, naye Asnath, mtoto ananyonya, anajiziba kicheko kisimfikie mkwe… ila siku ile moja hakuja, giza likaingia, dirisha tupu, uji ulikuwepo, supu ilikuwepo, lakini alikaa ameelekeza uso kwenye nondo kama mjinga, kumbe zabibu zilikuwa zimekwisha sokoni, kaenda kuzitafuta mpaka Hombolo kwa baiskeli ya watu, tairi likapasuka, akafika anavuja jasho, na Asnath muda wote ule hakumwazia ajali wala kifo, alikuwa akisema tu kachelewa, kachelewa leo… na huyu je, huyu wa mkwajuni, dume akiuonja utumbo huu akaangukia mchichani, nani atakwenda kumwambia mkewe, atakaa na mdomo wake kwenye ufa, makinda wanalia chini yake, atatega sikio, atadhani kachelewa… lo, na pakiti hii ndogo hivi, nyepesi hivi, wangeiita sumu angeipokea? Angeipokea kweli? Sumu angeiogopa tangu mlangoni, lakini imekuja kwa jina la dawa, ikakaribishwa, ikawekwa kabatini jirani na chumvi… “Mama Edina! Dawa vipi?” … “Ya nani?” … “Ya nani tena? Ya kuku!” … “Kwani wanaumwa?” … maji yamekoma, besi imekoma, halafu kicheko kile cha puani anachokijua, “Aa, hawaumwi, mke wangu, wanaliwa” … “Basi hapa hakuna mgonjwa, Baba Edina, sumu yako irudi Majengo, toka uoge—” aa, keshaoga, ulimi nao, “toka ukautoe mtego kwenye kuni, utumbo ninao, nitakaa kuulinda mtego mimi, na hawa watatu usiku watalala kwenye tenga chini ya kitanda chetu” … “Chini ya kitanda! Na mtegoni, vidole vyangu je?” … “Vidole vyako,” akasema, na hapo sauti ikamtoka laini kuliko alivyokusudia, “navihitaji, viangalie.” Hakuinuka. Pakiti bado iko mkononi, nzima, na nzi bado wako kwenye bakuli, na kule mkwajuni dume amerudi tena ana kitu mdomoni, anagonga, na ndani anapokelewa.